Punje ya Aliye Mbali

Malindi, Mjini Unguja
11 Februari 1935

Kwa Babu yangu Maalim Abukar, dukani Mutomo,

Salamu za kwanza ni zako, za pili za Bibi Kaluki, za tatu za mama yangu Ebla. Na yeyote atakayeuliza habari zangu sokoni, mwambie Dirie amefika mzima na viatu vyake vyote viwili. Nasema hivyo kwa sababu ya Bibi, aliyeapa kwamba bahari itachukua kimoja.

Lori lilikwama mchangani kwenye kivuko cha Athi, tukalisukuma, tukafika Kibwezi jua likizama. Gari la moshi ni zuri. Meli nayo ni nzuri kwa asiye na tumbo. Sitaeleza zaidi.

Babu, bahari ulinieleza tangu nikiwa mdogo, na ulieleza vizuri, lakini jambo moja hukuniambia: kwamba haina ukingo wa pili. Nilisimama sana nikingoja kuuona.

Hii si Kenya tena. Bendera ni nyekundu tupu, na watu husema maneno kwa utaratibu, kama wanaoyaonja kwanza. Mitaani wameanika karafuu juu ya mikeka, gunia kwa gunia. Kwa kuwa dukani kwetu karafuu huuzwa mbili mbili kwa mtu anayeumwa jino, siku ya kwanza nilidhani mji mzima unaumwa jino.

Karibu na nyumba ya rafiki yako Bwana Nureni kuna bomba la maji la watu wote, na bomba hilo linadondosha maji. Nililifunga, likadondosha tena. Nikaweka kiganja chini yake nikanywa, nikaweka tena. Watoto walinizunguka wakaniuliza, “Kaka, unakamua nini?” Nikawaambia kwetu maji huchimbwa kwenye mchanga wa mto, na punda huyafuata nusu siku. Hawakuamini habari ya mto usiokuwa na maji.

Bwana Nureni amenipokea kwa heshima yako. Ndiye aliyeniandikisha shuleni kama mlezi wangu, kwa kuwa mwanafunzi wa mbali hakubaliwi bila mlezi mwenye nyumba mjini, anayetia mkono kwamba atamwangalia. Chumba chetu cha masomo kina madirisha makubwa. Nimekaa mbele kabisa, karibu na ubao. Wenzangu ni wachangamfu sana.

Asali ya Bibi haikumwagika. Nairamba kidogo kidogo.

Wako anayekukumbuka kila ninapoona maji,
Dirie

*

Mutomo
8 Machi 1935

Mjukuu wangu Dirie,

Barua yako imefika ikinuka samaki. Nadhani ililala pale Kibwezi juu ya gunia la mtu. Tumefurahi hivyo hivyo, na Bibi yako ameinusa mara mbili akasema ndiyo harufu yako mpya.

Sote wazima. Kikohozi cha mama yako kimepungua. Yule mbuzi mweupe mwenye sikio lililokatika amezaa mapacha, mmoja akiwa na tabia mbaya tayari. Mawingu yanakaa juu ya mlima wa mawe kila alasiri, kisha yanakwenda kunyesha kwa wengine. Mwinjilisti Nzomo hupita dukani kila Jumatano akitoka shambani kwake, nasi huendelea na Nabii Yunus tulipoishia. Yeye anasema alimezwa na nyangumi. Mimi nasema samaki mkubwa inatosha, wala hakuna haja ya kumtaja jina. Hajakubali.

Ijumaa tulikaanga buni za kutafuna. Nimeng'ata ncha za punje mimi mwenyewe kwa meno yaliyobaki, kwa kuwa mng'ataji wetu amekwenda Unguja, na punje isiyong'atwa, kama unavyojua, hupasuka na kumrukia mtu usoni. Unaijua pia desturi ya nyumba yetu: punje ya kwanza kutoka katika samli huwekwa kwenye kisahani dirishani, kwa ajili ya aliye mbali. Ulipokuwa mdogo uliniuliza mara nyingi aliye mbali ni nani, nami nikakuambia, kula. Safari hii Bibi yako aliiweka yeye, akasema, “Hii ni ya Dirie.” Nikamwacha.

Sasa niambie la maana. Uko darasa gani? Mnasoma kitabu gani, na mmefika wapi? Yote niliyokuwa nayo nilikupa: Kitabu, hesabu, na khati. Mkono huo wa kuandika baba yangu alinipa mimi pale Barawa, chini ya ngazi ya nyumba yetu, kwa kalamu ya unyasi na wino wa masizi, nami nimekupa wewe juu ya magunia ya ngozi. Usiuache ulegee. Watoto wa Kiislamu wa hapa, wa wafugaji wanaoshuka na mifugo kutoka kaskazini na wa wenye maduka, hawana mwalimu mwingine wanayemngoja. Mimi nimechoka, wanajua kunikimbia.

Jambo la mwisho, na usiniulize sababu. Mtaa wa Mkunazini kuna nyumba yenye baraza ya mawe upande mmoja tu wa mlango. Upande wa pili hapakujengwa kitu. Nyumba hiyo usiigonge. Siku utakapokuwa mwalimu mwenye cheti, gonga, useme wewe ni nani na umetoka wapi. Kabla ya siku hiyo, pita upande wa pili wa njia.

Bibi yako anauliza kama viatu bado viwili.

Babu yako,
Abukar

*

Mkunazini, Mjini Unguja
22 Aprili 1935

Kwa Babu yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta na afya, na Bibi na Mama vilevile. Yako bado sijaiona. Watu wa posta wanasema mvua imeharibu njia huko bara, nami sikukasirika, maana mvua ikiharibu njia ya Mutomo ni habari njema.

Hapa masika imeingia. Babu, hapa mvua haiombwi. Inakuja tu kama mgeni asiyebisha hodi. Wiki ile ya kwanza nilikuwa natoka shuleni nikipita mtaa huu, ikanishika. Nikajibanza kwenye mlango wa nyumba moja. Juu yangu kulikuwa na mfereji wa bati unaotoa maji ya paa lote na kuyamwaga njiani, na maji yale, masafi, mengi kuliko ya kisima chetu kwa msimu mzima, yanakwenda zake. Kwenye baraza palikuwa na mitungi, masufuria na beseni zilizooshwa. Sikufikiri. Nilivipanga vyote chini ya mfereji, kimoja kikijaa nasogeza kingine, nimelowa, tena nadhani nilikuwa naimba kwa Kikamba.

Mlango ukafunguliwa. Bibi mmoja mzee, mfupi, ana kisu cha kukatia mboga mkononi.

“Wewe! Mwizi gani huyu anayepanga vyombo badala ya kuvichukua?”

“Shikamoo, Bibi. Maji yanapotea.”

“Yanapotea yanakwenda wapi?”

“Baharini.”

“Basi yamefika kwao. Ingia ndani kabla nawe hujapelekwa.”

Nikaingia. Babu, alikuwa yuko katikati ya kukaanga buni! Si kwa samli, kwa mafuta ya ufuta, lakini harufu ni ileile. Nikakaa mkekani, na bila kuambiwa nikaanza kung'ata ncha za punje zilizobaki. Akanitazama. “Nani alikufundisha hayo?” Nikasema babu yangu. Akaepua punje ya kwanza, akaiweka kwenye kisahani, kisahani dirishani. Nikafurahi kama mjinga, nikasema, “Hata kwetu Mutomo!”

“Kwenu kwa nani?”

Nikataja jina lako. Mkono wake ulisimama juu ya sufuria mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi. Kisha akauliza kama ukila pilipili bado unapiga chafya mfululizo kama beberu.

Jina lake Bi Arbaco. Ni mjane, anaishi na mtumishi mmoja kiziwi. Unamjua, Babu? Nilipomwuliza yeye kama anakujua, aliniambia, kula.

Habari nyingine ni kwamba Bwana Nureni anamwoza binti yake baada ya Maulidi, na nyumba yake imejaa wageni hadi ngazini. Harusi ikiisha atahamia Mombasa na biashara yake yote, kwa hiyo hataweza kuendelea kuwa mlezi wangu. Ameomba radhi sana, nami nimemwelewa. Bi Arbaco alisema chumba chake cha juu hakina mtu, na Jumamosi nimehamishia kifurushi changu.

Masomo yanakwenda. Mwezi uliopita nilipewa zawadi ya penseli.

Wako anayeshiba,
Dirie

*

Mutomo
27 Mei 1935

Dirie,

Sisi ni wazima. Mvua imetosha.

Barua yako imefika. Yangu ya Machi naona haikukufikia, au ilikufikia ukachagua usiisome.

Ihame nyumba hiyo. Ukipata mlezi mwingine wa heshima, kaa naye. Usipompata, rudi nyumbani, duka lina kazi ya kutosha. Bwana Nureni nitamshukuru mwenyewe.

Usimpe mtu yeyote salamu zangu.

Bibi yako tangu jana hasemi nami. Anawasemesha mbuzi, kwa sauti ya kunifikia.

Abukar

*

Mkunazini, Mjini Unguja
30 Juni 1935

Kwa Babu yangu,

Nakuamkia kwa heshima, na Bibi, na Mama. Maulidi yamepita salama. Watu walijaa uwanjani mpaka nikaogopa kuinua mkono nisije nikaupoteza. Nilikuombea hapo.

Barua zako mbili zimefika siku moja, ya Machi na ya Mei. Nilianza na ile ya hasira kwa kuwa ilikuwa juu.

Sikugonga, Babu. Nataka ujue hivyo kwanza. Mlango ulifunguliwa kwa ndani. Baada ya kusoma barua yako nilitoka nje nikaitazama baraza, na kweli iko upande mmoja tu. Nilikuwa nimeikalia tangu Aprili.

Uliniuliza darasa. Nitakuambia, ingawa nilikuwa nimeazimia usijue mpaka yapite. Nimekaa mbele kwa sababu madawati ya mbele ni ya darasa la kwanza. Anayekaa kando yangu ana umri wa miaka minane, jina lake Sefu, naye ndiye anayenishika kidole kunionyesha herufi za Kizungu. Hapa mtu hawi mwalimu mpaka asome na kuandika kwa herufi hizo, na hesabu pia huandikwa hivyo, kutoka kushoto. Siku ya kwanza mwalimu alinipa karatasi niandike nijulikane nimefika wapi. Niliandika ukurasa mzima kwa mkono ulionifundisha. Akautazama akasema ni mzuri sana, kisha akanipeleka kwa watoto. Penseli ile ni zawadi ya mtoto aliyekwisha kuzijua herufi zote. Walinipigia makofi. Magoti yangu hayaingii chini ya dawati.

Sikukuficha kwa aibu yangu. Niliona vibaya usome kwamba uliyonipa hayakuhesabiwa.

Sasa habari za nyumba hii. Barua zako zilipofika, Bi Arbaco aliniona nikifunga kifurushi, akauliza, nikamwambia nimeamriwa. Ndipo akasema, “Basi na ujue kwa nini. Babu yako alipoleta habari kwamba ameoa Ukambani na harudi pwani, mimi dada yake nilimwandikia kwamba wajukuu wake watajua mbuzi tu, na jina la baba yetu hawataweza kuliandika. Hakunijibu mpaka leo.”

Nilikasirika, Babu. Nilimwambia Bibi Kaluki anajua mambo mengi kuliko mbuzi, na hata mbuzi wenyewe si jambo dogo. Akasema, “Sauti hiyo naijua. Endelea.” Lakini juu ya mkeka palikuwa na kibao changu cha shule, kimejaa A na B na C kubwa kama za mtoto, na yeye alikuwa anakitazama. Nikangoja aseme kwamba aliyoyaandika ni kweli, maana mimi ningesema. Alichukua kitambaa akakifuta, akanirudishia.

“Liandike jina la baba yetu.”

“Kwa herufi zipi?”

“Zako.”

Nikaliandika, mpaka jina la babu yake, na ule mkia wa herufi ya mwisho nikaurudisha chini ya jina lote, kama mtu anayetandika mkeka, kama ulivyonifundisha. Akakaa chini. Akaufuata mkia ule kwa kidole bila kuugusa. Akasema, “Huu si mkono wako. Wala si wa Abukar. Huu ni mkono wa baba.”

Kile kibao sijakishika tena. Amekiweka juu ya kabati, kimefunikwa kanga, na shuleni natumia cha kuazima.

Lakini kusimama mlezi amekataa. Nilidhani sasa atakubali, nikamwuliza, akanijibu hivi: “Nitakulisha na nitakulaza. Ila shuleni sitatia mkono kwa mtoto ambaye babu yake yupo hai na hajaniambia. Aniandikie. Neno moja tu, kwa mkono wake.” Nimembembeleza. Yeye na wewe, Babu, mliumbwa kwa udongo mmoja.

Shule itafunguliwa tarehe mbili Septemba. Siku hiyo nisipofika na mlezi, jina langu litafutwa, na mlezi mwingine sina. Mwalimu amesema nikishinda mtihani wa siku hiyo ya kufungua nitarukishwa mpaka darasa la tatu, kisha mbele, kwa kuwa hesabu zangu zimewashangaza.

Kifurushi bado kimefungwa. Ukisema rudi tena, nitarudi na sitanung'unika. Lakini uliniuliza nimefika wapi, na hapa ndipo nilipofika: nimechoka kuwa mrefu kuliko wote darasani, na nataka kukaa.

Wako anayekuheshimu,
Dirie

*

Mutomo
12 Agosti 1935

Mjukuu wangu Dirie,

Tunakusalimu sote. Mtama umevunwa na ghala la Bibi yako halifungi mlango. Mama yako hakohoi tena. Baba yako alipita na ng'ombe akielekea Kibwezi, akaacha kitambaa cha kanzu yako. Mwana-mbuzi mwenye tabia mbaya amekula kona ya kitabu changu cha jiografia. Amekula bahari ya Hindi yote.

Barua yako niliisoma dukani. Nikaifunga, nikampimia mtu ngozi, nikakosea uzito, nikaifungua tena. Nikaiweka chini ya mto. Bibi yako aliniacha hivyo mpaka akachoka.

“Hiyo barua inasema nini?”

“Salamu.”

“Salamu ya karatasi mingi hivyo? Soma.”

Nikamsomea. Nilipofika kwenye neno la dada yangu juu ya mbuzi nilitaka kuliruka. Tangu nimwoe sikuwahi kulitamka mbele yake. Nilikuwa nimelibeba ili yeye asilibebe. Lakini macho yake yalikuwa juu ya midomo yangu, nikalisoma. Alicheka, Dirie. Alicheka mpaka akashika mlango.

“Kwani mbuzi iko na makosa gani? Huyu dada yako amekula nini hii miaka yote, karafuu?” Kisha akanitazama vile anavyomtazama mteja mwenye maneno mengi. “Wewe mzee, kichwa yako ngumu kama jiwe ya hapa Mutomo. Hii neno ilikuwa yangu, na mimi nimeitupa. Sasa wewe unalinda nini?”

Nikaenda kwa Nzomo. Yeye anazijua hizo herufi za Kizungu, kwa kuwa Biblia yake imechapwa kwazo. Nikamwambia anionyeshe. Akadhani nimebadili dini, akaanza kunishika mkono, nikamtoa wasiwasi. Amenipa kitabu cha kwanza cha watoto wake, chenye picha ya paka. Jioni nakaa nao kibarazani kwake, na binti yake Nthenya hunisahihisha bila huruma. Ananiambia B yangu imelala. Nimewaambia waniache mbele, sioni vizuri nikikaa nyuma. Kwa hiyo usione haya ya magoti yako. Tuko darasa moja.

Magazeti ya Nairobi ninayofungia sukari yananiambia Wataliano wanashusha askari na mizinga huko Benadir, pwani ya kwetu. Barawa sitaiona tena, nadhani. Niliondoka nikiwa na ndevu chache nikidhani naenda kununua ng'ombe nirudi. Mtu aliyekosa mji wake huona anaweza kubaki na neno moja la hasira, na kulitunza kama ufunguo wa nyumba. Mimi nimelitunza vizuri. Halikufungua kitu.

Ulisema uliogopa nisome kwamba niliyokupa hayakuhesabiwa. Nimesoma kwamba yamewekwa juu ya kabati, yamefunikwa kanga. Nimeridhika.

Fungua kifurushi chako. Nimesema.

Ndani ya bahasha hii mna barua nyingine, imekunjwa peke yake. Ni ya dada yangu, kwa mkono wangu. Usiisome. Niliianza kwa sababu zangu zote, nikaichana. Niliyoileta ni fupi. Yaliyobaki nitamwambia yeye, barua kwa barua, kama tutapewa umri.

Na ndani ya barua hiyo mna punje moja ya buni. Imetoka kwenye kisahani cha dirishani, ya Ijumaa hii. Uliniuliza ukiwa mdogo aliye mbali ni nani, nami nikakuambia, kula. Sasa umekaa mkekani kwake. Mpe. Mwambie imekaangwa kwa samli kwa kuwa huku ufuta wa kukamua haupatikani. Na mwambie asiiweke dirishani. Aile.

Lori la kesho litaipeleka bahasha hii Kibwezi, na dereva nimemwapisha asiilaze karibu na samaki.

Babu yako,
Abukar

*

Mkunazini, Mjini Unguja
9 Septemba 1935

Mwinjilisti Nzomo, salamu nyingi. Barua hii ni ya Babu. Tafadhali msomee polepole, na usiongeze kitu.

Babu, nimeandika kwa herufi mpya kwa makusudi. Ukiweza, soma mstari huu mwenyewe: MIMI DIRIE NIKO DARASA LA TATU.

Barua yako ilitangulia kufunguliwa kwa shule, ila si kwa mbali. Bibi Arbaco alivaa buibui lake la Idi, akanitangulia njia nzima kwa hatua fupi za haraka, na mbele ya mwalimu mkuu akatia mkono wake. Mwalimu akamwuliza yeye ni nani wangu. Akasema, “Dada wa babu yake. Andika hivyo, usiandike jamaa.” Sefu alilia nilipopanda darasa. Amenipa kifutio chake, na anakitaka kirudi.

Barua uliyomwandikia aliisoma chumbani, mlango umefungwa. Alipotoka alikuwa na punje kiganjani. Nikamwambia yote kama ulivyoniagiza. Akainusa, akasema samli ya huko ina harufu ya moshi. Kisha akaila, polepole, kwa upande mmoja wa mdomo, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ijumaa tukakaanga nyingine. Mimi nikang'ata ncha, yeye akakaanga. Ya kwanza akaiepua, akaiweka kwenye kisahani, akaipeleka dirishani kama siku zote. Nikamwambia, “Bibi, si aliye mbali amekwisha kuandika?”

Akasema, “Hii si yake. Hii ni ya Kaluki. Huyo bado sijamwona.”

Mjukuu wenu,
Dirie